Haimo, Haipo, Haiko: Menyu ya Mtandao Itwambie Mangapi?

"Netiweki haiko, mwalimu."

Kijana wa saiba alisema hivyo bila kuinua macho kwenye kibodi. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi mjini Wote, Makueni, katika chumba chenye kompyuta sita, mashine ya fotokopi na benchi moja la wateja. Aliyeambiwa ni mzee aliyefundisha Kiswahili shule za msingi hadi akastaafu. Alikuwa amepanda matatu alfajiri, fomu ya msaada wa karo ya mjukuu wake ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa ndiyo hiyo.

"Haiko wapi, kijana wangu?"

"Haiko tu, mwalimu. Tungoje kidogo."

"Hebu nisikilize. Haimo ni ndani. Haipo ni hapa. Haiko ni huko mbali. Wewe umeniambia haiko. Shida iko huko kweli, au iko hapa kwako, au imo humo ndani ya kompyuta? Maana kama ni huko, nitakunywa chai ningoje. Kama ni hapa, nitavuka barabara niende saiba ile nyingine."

Sote tuliokuwa kwenye benchi tukacheka. Kijana naye akacheka, kisha akabofya ile alama ndogo iliyo pembeni mwa skrini, chini kulia. Ikafunguka menyu yenye jina la Wi-Fi ya saiba, na chini ya jina maneno machache ya Kiingereza yenye maana kwamba imeunganishwa lakini intaneti hakuna. Mwalimu akainama akayasoma mara mbili. Swali lake halikuwa limejibiwa.

Nalo ni swali zito kuliko lilivyoonekana asubuhi ile. Menyu ya hali ya mtandao kwenye kompyuta inapaswa kutwambia mambo mangapi? Ikisema machache mno, mtu anabaki kukisia. Ikisema mengi mno, anazama kwenye namba asizozijua na kuacha kuisoma. Kwa mfanyakazi wa ofisi ya Nairobi yenye laini mbili za faiba na fundi ghorofa ya chini, jibu lolote litamtosha. Huku Ukambani mambo ni mengine: Kitui ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000, Makueni takriban 8,000, na kwa hesabu ya watu ya 2019 kaunti hizi mbili zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2 kwa pamoja. Huku, anayekosea kukisia tatizo liko wapi hulipa nauli ya bure.

Safari ya alama ndogo

Kwenye Windows XP, iliyotoka 2001, alama ya mtandao ilikuwa skrini mbili ndogo zilizomeremeta kila data ilipopita. Hazikudai kujua kama umefika kwenye intaneti. Zilionyesha tu kwamba kuna kitu kinaingia na kutoka, na mtumiaji alizisoma kama anavyosoma moshi wa jikoni kwa jirani: ukifuka, kuna kinachopikwa.

Windows Vista, iliyofika madukani 2007, iligeuza mambo. Kompyuta ilianza kujaribu yenyewe. Kila inapoungana na mtandao huomba faili moja fupi la maandishi kutoka kwa seva ya Microsoft. Faili likija kama linavyotarajiwa, menyu hutangaza kwamba intaneti ipo. Lisipokuja, huwekwa alama ya onyo: miaka ile pembetatu ya njano, siku hizi tufe dogo. Kwenye Linux, programu ya NetworkManager iliyoanzishwa na Red Hat 2004 ilikuja kufanya jaribio la namna hiyo hiyo, na kwenye GNOME, mazingira ya eneokazi ya Linux, jaribio likifeli, alama ya Wi-Fi hubandikwa alama ya kuuliza.

Tangu hapo mkondo mkuu umekuwa wa kupunguza. Windows 11 ya 2021 iliunganisha Wi-Fi, sauti na betri katika kitufe kimoja. GNOME 43 ya 2022 ilipanga mambo hayo hayo kama vitufe vya kuwasha na kuzima. Hoja ya wabunifu ni ya kweli: wengi wetu tunataka kujua kama mtandao unashika au haushiki, basi. Vista yenyewe ilitoa funzo hapo, kwa sababu iliwahi kuwaonyesha watu maneno yaliyosema muunganisho wao ni wa ndani tu, na wengi hawakujua ni ndani ya nini.

Upande wa pili wako wanaotaka mengi. Kwenye kompyuta za Apple, ukishikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, menyu ile ile hutapika namba: nguvu ya mawimbi, kelele, chaneli, kasi, anwani ya ruta. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza atafurahi. Lakini mlango huo hauna kitasa kinachoonekana. Asiyeambiwa na mwenzake kwamba upo atatumia mashine hiyo miaka kumi bila kuufungua.

Mabishano kati ya pande hizi huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni wingi: mistari miwili au kumi. Swali la mwalimu lilikwenda kwingine. Hakutaka mistari mingi. Alitaka neno moja, mradi liwe neno sahihi la mahali.

Mto una mchanga, maji je?

Mtu wa Ukambani hahitaji kufundishwa tofauti ya mto na maji. Mito kama Tiva na Thua, sehemu kubwa ya mwaka, ni mchanga mweupe uliolala kati ya kingo mbili. Anayepita kwa gari atasema mto umekauka. Mama anayeteka pale atakwambia ngoja, atachimba kisima kifupi kwenye mchanga, na maji yatajaa taratibu chini ya kibuyu chake. Ndiyo maana Kitui na Makueni zimejaa mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unaokatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanahifadhiwa humo jua lisiyafikie.

Mistari ya Wi-Fi kwenye menyu ni ule mchanga. Inapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta yako na ruta, au kati ya simu na mlingoti, na haivuki hapo. Ruta iliyo juu ya meza yako itakupa mistari yote hata kama waya wake umeng'olewa ukutani. Na mistari yenyewe ni tafsiri ya mtu fulani. Julai 2010, baada ya malalamiko kuhusu iPhone 4, Apple ilikiri kwamba fomula yake ya kuhesabu mistari ilikuwa na kasoro, na kwamba mara nyingi simu ilionyesha mistari miwili zaidi ya ilivyostahili. Ilibadilisha fomula, na ile mistari mifupi ikarefushwa kidogo ionekane vizuri. Yaani kile ambacho mamilioni ya watu walikiona kama kipimo kilikuwa pia uamuzi wa mchoraji.

Lile faili dogo la Microsoft ndilo kisima kifupi kwenye mchanga. Ni jaribio la kweli, kwa hiyo lina thamani kuliko mistari. Ila nalo limechimbwa mahali pamoja tu. Linajibu kama seva moja ya mbali inafikika. Halisemi, pale inaposhindikana, njia imekatika wapi kati ya kidole chako na seva hiyo. Na hapo ndipo kuna sehemu tatu ambazo Kiswahili kimezipa majina tangu zamani.

Haimo

Kwanza, tatizo linaweza kuwa humo humo ndani ya kompyuta. Wi-Fi imezimwa kwa bahati mbaya. Kitufe cha hali ya ndegeni kimebonyezwa na mtoto. Au kompyuta imeungana na ruta lakini haikupewa anwani, ikajipachika anwani inayoanza na 169.254. Fundi akiona tarakimu hizo anajua papo hapo kwamba mashine iliomba anwani ikakosa wa kuijibu. Mteja wa kawaida akiziona hapati chochote.

Upo ugonjwa mwingine wa ndani unaozipata kompyuta zilizozeeka, zikiwemo zile za mitumba tunazoziita "ex-UK" ambazo zimejaa saiba nyingi za miji midogo. Betri ndogo ya bodi kuu, ile ya duara kama sarafu, huisha. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Sasa kivinjari kinazikataa tovuti zinazotumia muunganisho salama, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya kompyuta tarehe ya kuanza bado haijafika. Wi-Fi ina mistari yote. Jaribio la Windows linafaulu, kwa kuwa faili lile dogo huombwa kwa njia isiyo na cheti. Menyu inasema mambo ni shwari, huku hakuna tovuti muhimu inayofunguka. Dawa ni kurekebisha saa, kazi ya nusu dakika. Maneno machache kwenye menyu, "angalia tarehe ya kompyuta," yangeokoa asubuhi nzima.

Haipo

Pili, tatizo linaweza kuwa hapa chumbani au kwenye laini inayoingia chumbani. Asubuhi ile ya Wote kijana wa saiba, alipoona menyu haimsaidii, aligeuka akatazama ukutani. Palikuwa na kisanduku cheupe chenye taa nne. Moja, yenye herufi LOS, ilikuwa ikimeremeta nyekundu.

"Faiba imekatwa, mwalimu. Taa hii ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye boksi."

"Sasa hiyo ndiyo lugha," mwalimu akasema. "Kwa hivyo haipo. Na jirani wako ng'ambo ya barabara ana faiba ile ile?"

"La. Yule anatumia kampuni nyingine."

Mwalimu alichukua bahasha yake akavuka barabara. Kisanduku cha plastiki chenye taa nne kilikuwa kimejibu kile ambacho kompyuta yenye skrini ya inchi 19 haikuweza kujibu. Sababu ni kwamba kila kifaa kinaona nusu yake: ruta inaijua laini, kompyuta inaijua ruta, na hakuna kinachompelekea mwenzake habari ili mtumiaji aisome mahali pamoja. Kompyuta ingeweza angalau kusema ilichokijua: ruta inanijibu, kilicho nyuma ya ruta hakinijibu. Taarifa hiyo inapatikana, mashine huitumia yenyewe ndani kwa ndani, kisha kwenye menyu inaimeza.

Umeme nao unaingia hapa. Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Laptopu yenye betri huendelea kuwaka hali kama hiyo, lakini ruta isiyo na betri huzima, na menyu huonyesha orodha tupu ya Wi-Fi. Inajua jina la mtandao uliokuwa umeungana nao dakika moja kabla. Ingeweza kusema kwamba Wi-Fi fulani imetoweka tangu saa fulani, badala ya kukaa kimya kana kwamba haijawahi kuwepo.

Haiko

Tatu ni huko. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje ya intaneti. Mwaka huo kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Data inayotua Mombasa ikienda Nairobi hupita kwa wingi kwenye faiba zilizozikwa katika ukanda wa barabara kuu na reli, yaani Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Makueni ina bahati ya ajabu: mto mkubwa kabisa wa data wa nchi unapita ardhini mwake, na bado kuna vijiji vya ndani ambako mtu hupanda kilima kutafuta mstari mmoja wa simu.

Jumapili ya 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja kusini, upande wa bahari ya Afrika Kusini. Intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku hizo hakuna mstari hata mmoja wa Wi-Fi uliopungua. Jaribio la faili dogo mara nyingine lilifaulu, kwa sababu intaneti ilikuwepo ila ikitambaa. Watu walizima ruta wakaziwasha tena mara kumi, wakabadilisha nywila, wakawapigia mafundi, wote wakitibu mkono kwa maumivu yaliyokuwa mguuni.

"Huko" kuna matawi. Julai 2023 mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen ulishambuliwa kwa wingi wa maombi ya uongo, huduma zikakwama, na serikali ikathibitisha shambulio hilo. Intaneti ya mwananchi ilikuwa nzima. Mlango mmoja tu ndio uliozibwa. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram haikupatikana kwa watumiaji wengi nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Mtandao mzima, programu moja imefungwa. Hapa tunafika kwenye mpaka wa kile menyu inaweza kujua. Haiwezi kuchunguza kila tovuti duniani. Lakini inaweza kusema kitu chenye manufaa makubwa: upande wako ni mzima hadi nje ya nchi, tatizo liko kwenye tovuti hiyo hiyo. Mtu akijua hivyo haachi saiba moja kwenda nyingine, maana atakuta hali ni ile ile.

Bando la nani?

Kuna taarifa moja ambayo wabunifu wa menyu huiweka mbali kabisa, na ambayo kwa wengi wa huku ingekuwa ya kwanza. Ni pesa.

Mwalimu wa shule ya kijijini Mutomo au Ikutha hana faiba. Ana simu, ana bando, na ana laptopu inayonyonya hotspoti ya simu hiyo. Simu yake inaujua mlingoti, na akibonyeza *544# kwa laini ya Safaricom anaweza kununua data nyingine. Laptopu haijui lolote kati ya hayo. Kwake hotspoti ni Wi-Fi kama Wi-Fi yoyote, kisima kisicho na sakafu, kwa hiyo inaanza kupakua masasisho yenye mamia ya megabaiti huku mwenyewe akitaka kutuma barua pepe yenye kurasa mbili. Bando linakata. Menyu inasema, kwa utulivu, kwamba intaneti hakuna. Mwalimu anadhani ni mlingoti.

Si kwamba suala hili halikufikiriwa. Tangu Windows 8 ya 2012 mtumiaji anaweza kuuwekea mtandao alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, na mfumo utajizuia. Lakini swichi hiyo imefichwa ndani ya mipangilio, hatua kadhaa kutoka kwenye menyu, na lazima mtu awe anajua kwamba ipo. Kwenye Linux kuna ustadi wa kupendeza zaidi: simu ya Android inapotoa hotspoti huambatisha na anwani inayogawa ujumbe mfupi wa kifundi wenye maana kwamba hii ni data ya kulipia, na NetworkManager husikia mnong'ono huo ikajiweka kwenye hali ya kubana matumizi. Vifaa vinaambiana. Mwenye bando ndiye haambiwi.

Kompyuta haiwezi kujua salio la bando, hilo liko kwa kampuni ya simu. Inaweza kujua imekula kiasi gani tangu iungane, na Windows huhesabu matumizi ya namna hiyo tayari kwenye ukurasa wa matumizi ya data. Kuleta namba hiyo moja juu, pembeni mwa jina la hotspoti, hakuongezi ugumu wowote. Mwenye duka husoma mita ya stima bila kujua volti ni nini.

Menyu husomwa kwa sauti

Jambo jingine huonekana tu ukikaa kijijini. Menyu ya mtandao mara nyingi husomwa na mtu mmoja, ikaeleweka na mwingine aliye kwenye simu. Mama yuko Kyuso, mwanawe fundi yuko Nairobi. "Mama, bonyeza ile alama ya kama mwavuli. Imeandika nini?" Mama anasoma herufi kwa herufi. Kwa menyu za leo anasoma jina la Wi-Fi na maneno mawili ya Kiingereza, na mwanawe hana la zaidi kuliko alilokuwa nalo kabla ya kupiga.

Hapa wanaotaka namba wana hoja nzito. Mama asingeelewa 169.254, lakini angeisoma, na mwanawe angeelewa. Akisoma 172.20.10, mwanawe angejua kwamba laptopu imejishikiza kwenye hotspoti ya iPhone ya mgeni fulani na si kwenye ruta ya nyumbani. Namba si za kila msomaji, ila zinaweza kusafirishwa na kila msomaji. Kinachotakiwa ni ziwe zimepangwa mahali pamoja, kwa maandishi makubwa, na kitufe cha kuzinakili zitumwe kwa WhatsApp mtandao ukirudi, au zipigwe picha kwa simu.

Lugha nayo ni sehemu ya kiasi. Tangu Jambo OpenOffice ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004, imedhihirika kwamba programu zinaweza kusema Kiswahili vizuri. Lakini tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. "Imeunganishwa" ni kitenzi kinachodai kujazwa: imeunganishwa na nini? Kwa Kiingereza neno hilo limezoeleka kusimama peke yake kwenye skrini. Kwa Kiswahili linaacha sentensi mdomo wazi. Nasi Wakenya tumechangia tatizo, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku tumezikunja haimo, haipo na haiko zote kuwa "haiko". Menyu imefanya kosa lile lile alilotusutia mwalimu.

Wingi una madhara yake

Wanaotaka machache nao wasipuuzwe. Saiba ni chumba cha watu wengi. Kompyuta inayofunua kila kitu inaweza kufunua nywila ya Wi-Fi kwa mteja anayejua kubofya mara tatu, na kesho wanafunzi wa shule jirani wote wako nje ya dirisha wakitazama video kwa gharama ya mwenye saiba. Orodha ya Wi-Fi zote zilizohifadhiwa kwenye laptopu inaweza kumwambia mgeni ulilala hoteli gani na ulitembelea ofisi zipi.

Yapo pia madhara ya uhakika bandia. Menyu ikisema "kampuni yako ya intaneti imekatika" ilhali kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti, mteja atampigia kelele mtu asiye na hatia. Windows 10 yenyewe mwaka 2020 iliwatangazia baadhi ya watumiaji kwamba hawana intaneti ilhali wanayo, na baadhi ya programu zikaamini tangazo hilo zikakataa kufanya kazi, mpaka Microsoft ikatoa marekebisho. Alama iliyokosea ni mbaya kuliko alama isiyokuwepo, maana watu na programu huitegemea.

Kwa hiyo menyu iseme kama shahidi, iachie wengine uhakimu. Shahidi mzuri hueleza alichokiona na saa alipokiona: ruta imenijibu, seva ya nje haijanijibu tangu saa nne na dakika hamsini. Saa hiyo ina thamani kubwa. Mtu aliyekata nauli kutoka Kathonzweni akiona mtandao umepotea dakika mbili zilizopita atangoja. Akiona umepotea tangu jana jioni atageuza safari mapema. Sijaona menyu ya kawaida ya kompyuta inayoonyesha muda huo, nayo ni namba rahisi kuliko zote.

Kiasi kinachotosha

Tukiyakusanya yote, kipimo cha kiasi ni hatua ambayo mtu atachukua baada ya kusoma. Taarifa inayobadilisha anachofanya ikae juu. Inayombadilishia fundi wake anachofanya ikae nyuma ya kitufe kimoja kinachoonekana, chenye neno kama "Maelezo ya fundi", si nyuma ya siri ya kushikilia kitufe cha kibodi. Isiyombadilishia mtu yeyote kitu, kama mapambo ya mistari mitano badala ya minne, inaweza kuondolewa bila kuliliwa.

Juu basi pakae mistari mitatu. Wa kwanza useme mahali: haimo, haipo au haiko, pamoja na kilichojibu na kisichojibu. Wa pili useme tangu lini. Wa tatu utaje mtandao huu ni wa nani na kama unalipiwa kwa kipimo, na tayari umekula kiasi gani. Mistari mitatu ni mingi kuliko ya Windows 11 na michache kuliko ya Option ya Apple, lakini ulinganisho huo wa kuhesabu haumsaidii mtu. Unaosaidia ni huu: mwalimu angeisoma kwa sekunde tano, akajua kama ni chai au ni kuvuka barabara.

Niliporudi kwenye saiba ile wiki mbili baadaye kupiga fotokopi, taa ya LOS ilikuwa imezimika na kazi zikiendelea. Chini ya kisanduku palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mstari wa kwanza: "HAIMO, zima kompyuta uwashe, angalia tarehe." Wa pili: "HAIPO, taa nyekundu, uliza jirani." Wa tatu: "HAIKO, kaa, kuna chai." Mstari wa nne ulikuwa umeongezwa kwa kalamu nyingine, na kijana aliniambia ni mteja mmoja aliyeuandika baada ya hotspoti yake kumezwa na sasisho la Windows: "BANDO LIMEISHA, usilaumu saiba."